Shamba la Baba Halikuwa Langu

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni, hapa Dodoma, mbele ya wazee, wazazi na vijana waliokutana kuzungumzia asili za familia zao. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia, wazazi, vijana, mabibi na mabwana: Mbukwenyi!

Ahsanteni. Mmeitikia vizuri kuliko nilivyosalimia, na sishangai, kwa sababu neno hilo ni sehemu kubwa ya Kigogo chote ninachokijua. Nimeona niungame mapema, kabla mzee mmoja hajasimama huko nyuma na kunijibu kwa sentensi ndefu nikabaki nikitabasamu.

Nilizaliwa Temeke, Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa Mkaguru kutoka milima iliyo juu ya Gairo, na mama yangu alikuwa Mgogo wa Mvumi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichowakutanisha wao wawili. Kila mmoja alikuwa na lugha yake, lakini aliitoa siku alipokuja mgeni wa upande wake tu, kama watu wanavyotoa vyombo vya kabatini. Sisi watoto tulikaa mkekani tukisikia majina yetu yakipita katikati ya maneno tusiyoyaelewa, na tukajua kwamba tunajadiliwa.

Shuleni tuliulizwa, kama mlivyoulizwa ninyi: kwenu ni wapi? Nilipowajibu Wagogo waliniita Mkaguru, na nilipowajibu Wakaguru waliniita Mgogo. Nikajifunza kujibu kwamba kwetu ni Temeke, na swali likaisha. Nchi yetu nayo iliamua jambo linalofanana na hilo, maana sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila la mtu, na tangu hapo serikali inatuhesabu bila kutuuliza. Mimi ninaamini ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kuna tofauti kati ya serikali kutokuuliza na mtu mwenyewe kutokujua, na mimi kwa zaidi ya miaka arobaini nilijificha kwenye busara ya serikali.

Kisha serikali ikahamia Dodoma. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ulikuwapo tangu mwaka 1973, lakini tulio wengi tulianza kufunga mizigo baada ya tangazo la mwaka 2016. Wenzangu ofisini waliogopa upepo, vumbi na maji ya chumvi. Mimi hawakunionea huruma. Waliniambia, "Wewe unalalamika nini? Si unarudi kwenu?" Nilicheka nao. Usiku nikajiuliza ninarudije mahali ambapo sijawahi kutoka.

Ndugu zangu, safari ninazotaka kuwasimulia si za mbali. Gairo iko takribani nusu ya njia ya kwenda Morogoro. Unapita Chamwino, unapita magunia ya mahindi ya Kibaigwa, na kabla hujamaliza usingizi wa asubuhi umefika. Mvumi iko karibu zaidi, kama kilomita arobaini kusini-mashariki mwa mahali tulipokaa. Watu hupanda ndege kutafuta asili zao. Zangu zilikuwa nauli ya basi na bodaboda, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Safari ya kwanza sikuipanga, kwa kuwa ilikuwa ya msiba. Baba alifariki, akapelekwa kuzikwa kwao milimani kama alivyotaka. Pale juu hali ya hewa ni ya nchi nyingine kabisa: ukungu asubuhi, maharage yanayopanda kwenye mahindi, na vijito ambavyo mtu wa Dodoma akiviona hutamani kuvifunga kwenye ndoo. Tulikaa hadi matanga yalipoanuliwa. Siku hiyo wazee walikaa kugawa mambo ya marehemu, nami nikakaa nao, nikiwa mtoto wake wa kwanza, msomi wa uhasibu, nimebeba daftari.

Baba aliacha shamba la ekari mbili na nusu. Sikulihitaji. Lakini nilijua kwamba nitaulizwa, na nilikwisha kuandaa jibu la upole kwamba libaki chini ya uangalizi wa ukoo. Sikuulizwa. Shamba lilipewa mtoto wa shangazi yangu, kijana ambaye nilikuwa nimemfahamu kwa siku tano. Hakuna aliyeshangaa. Kijana mwenyewe hakushangaa. Mimi peke yangu ndiye niliyefunga daftari kwa kishindo.

Jioni mzee mmoja, mjomba wa marehemu baba, aliniita pembeni. Akaniambia, "Mama, usikasirike. Baba yako alikuwa wetu. Wewe ni wa mama yako. Sasa niambie, mama yako ni wa nani?"

Nikamjibu kwamba mama yangu ni Mgogo.

"Basi," akasema, "kawaulize Wagogo."

Je, mzee yule alinifukuza? Kwa miezi kadhaa niliamini hivyo. Baadaye nilielewa kwamba alinifundisha hesabu. Wakaguru, kama walivyo majirani zao Waluguru na Wanguu, tangu zamani wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume humwachia mali mtoto wa dada yake, kwa sababu huyo ndiye damu ya ukoo wake isiyo na shaka. Siku hizi wengi huwapa watoto wao wenyewe, na hata pale milimani wapo waliomlaumu mzee kwa ukali wa mila. Lakini kwa hesabu ile ya zamani, mwanamume Mkaguru akioa mwanamke wa nje, watoto wake ni wapenzi wake, ni wageni wake, ni chochote kile kizuri, lakini si ukoo wake.

Haya. Nikaenda kwa Wagogo.

Mvumi wengi wenu mnaifahamu kwa hospitali yake, na wazee mnaifahamu kwa Mtemi Mazengo, chifu wa Wagogo, ambaye shule ilibeba jina lake hapa mjini. Nilipokelewa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwa ugali wa uwele na mlenda, na kwa furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka ninashiba. Aliwaita majirani waje wamwone mtoto wa dada yake. Akanitambulisha kwa sauti kubwa kwamba huyu ni mpwa wetu, mtoto wa binti yetu, mgeni wetu. Nikamshika kwenye neno hilo la mwisho. Nikamuuliza, "Mjomba, mimi ni mgeni?"

Akashangaa. "Baba yako si Mkaguru? Mtoto ni wa baba yake. Wewe ni Mkaguru."

Mnaona, ndugu zangu? Wagogo huhesabu kwa baba. Ng'ombe wa mahari wakishatoka, watoto ni wa kule walikotoka ng'ombe. Kama mama yangu angekuwa Mkaguru na baba yangu Mgogo, pande zote mbili zingenidai, na leo ningekuwa nalalamika kwamba misiba imenizidi. Lakini mimi nilizaliwa kinyume. Kwa baba nilikuwa wa mama, na kwa mama nilikuwa wa baba. Nilikuwa kama abiria stendi ambaye kila kondakta anamwambia gari lake ni lile la mbele.

Hapa niseme jambo moja kwa haraka, kwa sababu wako wanasheria ukumbini. Mwaka 1963, mwaka ule ule utemi, yaani utawala wa machifu, ulipofutwa, sheria za mila ziliandikwa na kutangazwa, na zilizoandikwa zilikuwa za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Hesabu ya mjomba wangu ikapata karatasi, na hesabu ya mzee wa milimani ikabaki midomoni mwa wazee. Sisemi ipi ni bora. Kwa shamba la baba yangu hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu.

Watu wa mjini wananiambia, "Wewe ni nusu Mgogo, nusu Mkaguru." Husema kwa nia njema. Lakini nimekaa na wazee wa pande zote mbili, na katika hesabu zao sijakutana na nusu hata siku moja. Kwao mtu ni wa hapa, au ni wa pale. Nusu ni maneno yetu sisi tuliozaliwa mjini, tunaotaka kugawana mtu kama mkate bila kumuudhi yeyote.

Nilirudi Mvumi mara ya pili, mwezi wa saba, baada ya mavuno. Vijana, kama mtakwenda, nendeni wakati huo. Masika watu wako mashambani tangu alfajiri, makorongo yanajaa maji, na hakuna mzee atakayekaa kukusimulia habari za mababu wakati palizi inamsubiri. Pelekeni sukari, pelekeni kitenge kwa bibi. Na simu msiitoe siku ya kwanza. Mimi niliitoa kurekodi, na mama mkubwa akaanza kuzungumza kama anahojiwa redioni.

Binamu yangu alinichukua kwa bodaboda kwenda kuliona kaburi la babu. Nilidhani tunakwenda makaburini kijijini. Tulikiacha kijiji, tukaacha barabara, tukaacha hata njia ya ng'ombe, mpaka tukafika kwenye uwanda mtupu wenye mbuyu mmoja na miiba. Akazima injini. Akasema, "Hapa ndipo nyumbani."

Yalikuwa mahame. Wagogo hawakuishi katika vijiji vya kubanana. Kila kaya ilikuwa na tembe lake, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, zizi lake na nafasi yake. Miaka ya mwanzo ya 1970, mkoa huu ukiwa miongoni mwa ya kwanza, watu walihamishwa na kukusanywa kwenye vijiji. Tembe la udongo likiachwa, mvua chache zinatosha kulirudisha ardhini. Kilichobaki ni jiwe la kusagia, limechimbika katikati kama bakuli kwa mikono ya wanawake waliosaga uwele pale mwaka baada ya mwaka. Kaburi la babu lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nilipiga picha ya kaburi, kama nilivyokusudia. Lakini nililokaa karibu nalo kwa muda mrefu ni lile jiwe, na mpaka leo sijui kwa nini nilitia mkono wangu ndani ya shimo lake na kuuzungusha.

Jioni ile nilimuuliza mama mkubwa, dada yake mama, ambaye umri wake umepita miaka themanini, swali lililokuwa linanisumbua tangu Gairo. Sikumuuliza sisi ni kabila gani. Nilimuuliza: waliosagia pale kwenye jiwe walikuwa nani?

Akaanza kunitajia wanaume. Akataja baba yake, na baba wa baba yake, na kuendelea nyuma mpaka jina la sita, bila kusita, kama mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha. Nikamwambia, "Mama mkubwa, wanaume hawakusaga." Wote waliokuwapo wakacheka, naye akacheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Jiwe lile lilikuwa la mama yetu, na mama yetu alifundishwa kusaga na mama yake, yule wa milimani."

Yule wa milimani?

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mliozaliwa Ugogo, maana hapa habari ya familia yangu inakutana na habari yenu nyote. Nchi hii ya Ugogo hupata mvua ya wastani wa milimita 570 kwa mwaka, na ikikosekana hiyo kidogo, hakuna akiba nyingine. Njaa zetu zina majina kama watoto. Njaa inayotajwa kwa sauti ya chini ni Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Haikuletwa na ukame peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha Waingereza wakaja nao wakachukua. Mvua ilipokataa, maghala yalikuwa matupu na mikono ya kulima ilikuwa imepungua. Inakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa.

Waliobaki walikwenda kuhemea. Vijana wa leo, neno hili mnalifahamu? Kuhemea ni kusafiri kwenda kutafuta chakula mahali palipo na mavuno, ukibadilisha ulichonacho, na kama huna kitu, ukibadilisha nguvu zako. Babu wa mama mkubwa, kwa upande wa mama yake, alikuwa kijana asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja. Akaelekea mashariki, kwenye milima yenye mvua, akalima mashamba ya watu kwa kulipwa chakula. Mvua iliporudi Ugogo naye akarudi, akiwa na debe la mbegu na mke wa Kikaguru. Huyo ndiye wa milimani. Mama mkubwa alimwona kwa macho yake akiwa msichana mdogo. Anakumbuka alivyokuwa akilaumu maji ya Mvumi mpaka anakufa.

Nilimuuliza kwa nini mama yangu hakuwahi kunieleza habari hiyo. Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini maji hayapandi mlima. "Angekueleza ya nini? Yule alikuwa mke wa Mgogo. Alishakuwa wa hapa."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Mama mkubwa hakuficha kitu. Hesabu yake inashika wababa mpaka wa sita na inawaacha wamama njiani. Hesabu ya mzee wa Gairo inashika mama, na mama wa mama, na baba yangu mwenyewe hakuweza kuwafikishia watoto wake jina la ukoo wake. Sensa nayo ina hesabu yake, inayotushika wote na haimkumbuki yeyote. Mimi niliwahi kudhani kwamba nimegawanyika. Nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda nikaona kwamba ni wahasibu wawili wamefunga vitabu viwili kwa kanuni tofauti, na nilichokuwa nakiita pengo ni kurasa ambazo hakuna aliyezisoma pamoja. Mtanisamehe kwa mfano wa ofisini.

Na Wagogo wenyewe, wazee wangu, si mnajua koo zenu zilikotoka? Kaeni jioni muulizane. Huyu atasema mababu walitoka Uhehe, yule atasema Unyamwezi, na mwingine atanyoosha kidole kule kule Ukaguru. Hapa palikuwa njia ya misafara kati ya pwani na Tabora. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa wapita njia, kwa ajili ya maji, na waliopita wengine hawakumaliza safari. Hata jina la Wagogo, wako wazee wanaosimulia kwamba tulipewa na wapita njia waliokuta magogo barabarani. Nimesema "tulipewa". Mmenisikia? Ulimi umeteleza wenyewe.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, kwa sababu inaniuma. Nilikwenda kote huko na mkalimani. Mama mkubwa alipofika mahali pa kulia alihamia Kigogo, na binamu yangu akanitafsiria kwa maneno matano kilio cha dakika kumi. Nimeanza kujifunza. Mwalimu wangu ana miaka tisa, ni mtoto wa jirani, na hana subira.

Nirudi Gairo, maana najua mnangoja. Mwaka jana nilipanda tena milimani, safari hii bila daftari. Mjomba wa baba alikwisha kufariki. Nikamkuta dada yake, bibi mdogo wa umbo, mkali wa macho. Nikamweleza habari ya jiwe, ya njaa, na ya mwanamke aliyeshuka kutoka milimani na mbegu. Bibi aliacha kuchambua maharage. Akahesabu kwa vidole: yule wa milimani akamzaa bibi yako, bibi yako akamzaa mama yako, mama yako akakuzaa wewe. Wanawake watupu, hakuna mwanamume katikati.

Akasema, "Mjukuu wangu, kwa hesabu yetu wewe si mgeni. Wewe ni Mkaguru kwa mama."

Wazee wangu, nililia. Lakini bibi hakunipa nafasi ya kulia. Aliuliza swali ambalo kwake ndilo lilikuwa la maana: "Ukoo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Mvumi kuuliza. Mama mkubwa siku ya kwanza alinipa jina moja la ukoo, na siku ya pili, baada ya kulala na kuamka, alinipa jingine, akasisitiza kwamba yote mawili aliyasikia kwa yule wa milimani. Nikampelekea bibi kwa simu majina yote mawili. La kwanza alilipokea kimya, akasema ni watu wa bonde la pili, wema, wana mizimu ya mvua. La pili alipolisikia alipiga ukelele mpaka mjukuu wake akaja kuichukua simu akidhani kuna msiba. Ni ukoo wa baba yangu.

Yaani kama ni hilo la pili, baba yangu alivuka milima na kwenda Dar es Salaam, akamwoa Mgogo, kumbe amemwoa dada yake wa ukoo, jambo ambalo kwa mila ya Wakaguru ni mwiko. Na shamba lile la ekari mbili na nusu lingekuwa na mazungumzo mapya.

Bibi ameniagiza nirudi kwa mama mkubwa, nikamuulize taratibu, asubuhi, kabla hajachoka, na nisimtajie majina yale mawili. "Ukishapata," amesema, "usinipigie simu. Njoo." Jumamosi ijayo ninakwenda Mvumi na kilo mbili za sukari.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.